Soya Ile Haikuwa Imeiva

Nyinyi mnaonipigia simu kuniuliza fomula ya chakula cha kuku, leo fungeni daftari kwanza. Fomula nitawapa, haijawahi kuwa siri. Mahindi kiasi hiki, soya kiasi hiki, omena, chokaa, chumvi, premiksi ya vitamini na madini, basi. Mtu yeyote mwenye mizani anaweza kuichanganya. Ninachotaka kuwaeleza ni kitu ambacho mizani yangu haikunionyesha, na mwenzangu mmoja akalipia.

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na tano. Chekeni tu, hata mama yangu alicheka. Daktari wa Thika aliponisikiliza kifua aliuliza kama navuta sigara. Nikamwambia navuta pumba na vumbi la chokaa, miaka kumi na moja, kila siku isipokuwa Jumapili. Yeye hakucheka. Akaandika kwamba nisiingie tena mahali panaposagwa kitu. Kwa hiyo sasa nakaa barazani na simu, na nyinyi mnaniita mwalimu, neno linalonikosesha raha.

Sikufundishwa kazi hii darasani. Nilijifunza kwa simu, kwa vijikaratasi vya maduka ya dawa za mifugo, na kwa kuharibu. Na kwa sababu sikuwa na cheti, niliishi na hofu kwamba siku moja mtu ataingia kwenye stoo yangu pale Ruiru, aangalie gunia moja, na aniambie, "Wewe dada, nani alikuruhusu?" Hofu hiyo ndiyo ilinifanya nipime chumvi mara tatu. Jumapili moja nilitoka kanisani katikati ya mahubiri, nikaenda kufungua magunia kumi na mawili yaliyokwisha kushonwa, kuhakikisha kwamba nilikuwa nimetia premiksi. Nilikuwa nimetia. Nikashona tena yote kwa mkono, na bado usiku sikulala vizuri.

Kosa langu la kwanza kubwa lilikuwa la kupenda usafi. Niliona chakula kizuri lazima kiwe laini, nikanunua chekeche ya mashine ya kusagia yenye matundu madogo kuliko zote. Kikatoka kama unga wa mtoto. Wateja walifurahi sana. Mmoja aliniambia, "Nyambura, hii hata mimi naweza kupikia uji." Kuku hawakufurahi. Walishikwa na matope mdomoni, wakawa wanakunywa maji kuliko kula, na nusu ya chakula ikapepea na upepo. Siku ya kuchinja nikaomba nishike firigisi. Firigisi ya kuku mwenye afya ni ngumu kama ngumi. Ile ilikuwa imelegea kama soksi ya zamani.

Kuku hana meno, wadogo zangu. Firigisi ndiyo jiwe lake la kusagia. Ukimsagia kila kitu mpaka kiwe vumbi, jiwe linakosa kazi, na chakula kinapita tumboni kama mgeni ambaye hakuambiwa karibu keti. Sageni mahindi kiasi, muone chembe. Kifaranga chembe ndogo, mkubwa chembe kubwa.

Kosa hilo lilinifundisha kuangalia nyuma ya kuku badala ya mbele. Watu wote hupenda kutazama kuku akidonoa. Anayetaka kujua ukweli atazame kinyesi. Kikiwa kimeshikana, kina kofia nyeupe juu, shukuru Mungu. Kikiwa majimaji, cha rangi ya chungwa, na maranda ya chini yanalowa mpaka macho yanawasha, chakula kinaingia na kutoka bila kufanya kazi. Ukitaka kuhakikisha zaidi, kisafishe kwa maji kwenye kichungi. Utaona chembe za mahindi na soya zilivyobaki nzima.

Mimi nilitumia kichungi cha mama.

"Nyambura, unafanya nini na hicho kichungi?"

"Naangalia kama kuku wamesaga chakula."

"Kwa kichungi changu cha chai? Ngai! Na juzi nilikuwa na wageni wa kanisa!"

"Lakini hakuna aliyeumwa na tumbo, mama."

"Hakuna aliyerudi pia!"

Nilimnunulia kingine. Hata hivyo hadi leo, nikimkaribisha chai, huinua kikombe kwanza akakitazama kwenye mwanga.

Sasa niwaambie habari za Mama Kioko.

Alikuwa mkaangaji wa soya, kazi ambayo siku hizi wengi wenu hamuijui kwa sababu mnanunua soya iliyokwisha kupikwa kiwandani. Wakati ule tulinunua soya nzima, na soya nzima huwezi kumpa kuku ikiwa mbichi. Ina kitu ndani yake kinachozuia maji ya kongosho yasivunje protini. Kuku anakula shibe yake, anatoka na njaa. Ukiikaanga ikaiva, kitu kile kinakufa. Ukipitiliza, protini inaungua, nayo pia haimfai. Katikati ya mbichi na iliyoungua kuna mlango mwembamba, na Mama Kioko alikuwa akiupita kila siku akiwa amefumba macho.

Kwao ni Ngoliba. Siku za kazi alilala kwenye chumba cha kupanga Ruiru, Ijumaa jioni akarudi nyumbani kwake. Alinikaangia mimi, na siku nyingine aliwakaangia wachanganyaji wawili wa Thika. Vifaa vyake vilikuwa pipa lililokatwa nusu, mchanga wa mtoni wa kusambaza moto, mwiko mrefu kama jembe, na meno yake. Alitoa punje tatu, ya chini, ya kati na ya pembeni, akazipoza kwenye kiganja, akazitafuna moja moja.

"Ikinukia majani, hiyo bado," alisema. "Ikinukia moshi, umechelewa."

Watu walikuja kwangu wakauliza kwanza, "Soya amekaanga Mama Kioko?" Nikisema ndiyo, wanabeba. Jina lake ndilo lililouza magunia yangu, na lilikuwa mali yake yote. Hakuwa na stoo, hakuwa na cheti, hakuwa na mashine. Alikuwa na neno hilo moja tu midomoni mwa watu.

Na mimi, kusema kweli, lilinikera. Si kwa wivu, ingawa labda kidogo. Lilinikera kwa sababu singeweza kuliandika. Daftari langu lilikuwa na safu za kila kitu, na kwenye safu ya soya ningeandika nini? "Majani: hakuna"? Nikanunua kipimajoto cha kuelekeza, kile chenye umbo la bastola.

Mama Kioko alinitazama. "Hiyo bunduki ni ya nini, mwiitu?" Mwiitu kwao ni msichana, na ndivyo alivyoniita.

"Inapima joto. Ikifika hapa, tunahesabu dakika. Dakika zikiisha, unatoa."

"Na soya imekubaliana na wewe?"

"Mama, hii ni sayansi."

"Haya. Mimi nitaendelea kula za kwangu."

Miezi miwili ilikwenda vizuri. Yeye alitafuna, mimi nikalenga bastola, tukafika mahali pamoja. Nikaanza kufikiri kwamba sihitaji tena meno ya mtu. Kisha mvua za masika zikaanza. Soya ikaja na unyevu, ukiishika mkononi unahisi baridi. Nilipaswa kujua. Bastola ile husoma ngozi ya punje tu, ndani haioni. Punje yenye maji hupata moto juu haraka huku tumbo lake likiwa bado linatoka jasho.

Aliniambia. Hili ndilo ninalotaka mlisikie. Aliniambia waziwazi, akiwa na punje ya pili mdomoni.

"Mwiitu, hii bado."

"Dakika zimeisha, Mama."

"Dakika ni zako. Soya ni bado."

"Ikiungua tutaharibu protini. Toa, tafadhali."

Akatema punje ile. Kisha akaitoa, akaitandaza kwenye turubai. Stoo ilikuwa yangu. Nikaandika kwenye daftari joto na dakika kwa mwandiko mzuri, nikapiga mstari chini kwa rula.

Soya ile ilikwenda kwa wateja kadhaa, na nyingi kwenye chakula cha Baba Shiru wa Kalimoni. Alikuwa ameacha kazi ya udereva wa lori, akajenga banda zuri la kuku mia nne, na mwenye hoteli moja ya nyama choma pale Kamakis alikuwa amekubali kujaribu kuku wake. Wakifika uzito unaofaa kwa wiki tano, angekuwa anachukua kila mara. Baba Shiru alinisimulia hayo mara nyingi sana, hata nikajua jina la mpishi.

Wiki ya tatu akanipigia simu.

"Madam, hizi kuku zimekataa kukua. Zinakula kama jeshi lakini hazikui."

Nikaenda. Maranda yalikuwa yamelowa, harufu ikanipiga mlangoni. Wengine wakubwa, wengine kama njiwa. Nilirudi Ruiru, nikafungua daftari, nikahesabu upya. Hesabu ilikuwa sahihi. Nikahesabu tena. Sahihi. Basi nikaamua kwamba kuku wa Baba Shiru wanahitaji protini zaidi, nikamwongezea soya. Soya ile ile.

Mnaelewa nilichofanya? Mtu ananyongwa na kamba, nami nikamwongezea kamba kwa sababu karatasi ilisema kamba ni nzuri.

Wiki ya tano mwenye hoteli alikuja kuwaona kuku. Baba Shiru alinisimulia baadaye. Alisimama mlangoni mwa banda, akainua kuku mmoja kwa mabawa, akamrudisha chini taratibu kama mtu anayerudisha kikombe cha wenyewe. Akasema, "Sawa, tutaongea," na hakupiga simu tena.

Jumanne iliyofuata, nikiwa peke yangu, nilifanya jaribio ambalo nilikuwa nimelisoma mwaka mmoja kabla na sikuwahi kulifanya kwa sababu niliiamini bastola yangu. Lishikeni, litawafaa. Chukua soya iliyosagwa vijiko viwili, mbolea ya urea kijiko kimoja, maji kidogo, tia kwenye chupa yenye kifuniko. Ngoja kama nusu saa. Fungua, nusa. Soya iliyoiva itanuka soya. Soya mbichi ina kitu kinachovunja urea, na itakunukia choo cha shule siku ya jua. Nilitengeneza chupa mbili, moja ya soya mbichi kabisa kutoka gunia, nyingine ya soya tuliyokaanga siku ile ya mvua. Nikafunga macho, nikazibadilisha mahali, nikanusa. Sikuweza kuzitofautisha. Zote mbili zilinitoa machozi.

Kwa hiyo Jumanne nilijua. Nilimwaga chupa nyuma ya choo, nikanawa mikono mara tatu.

Jumatano asubuhi Baba Shiru akaingia stoo na kuku mmoja kwapani. Wateja wengine wawili walikuwepo, wamekalia magunia. Mama Kioko hakuwepo, ilikuwa siku yake ya Thika.

"Madam, nishikie hii," akasema, akanipa kuku. Alikuwa mwepesi kama kofia. "Wiki tano hiyo. Mimi nimelisha chakula yako peke yake, hata majani ya sukuma sikuwapa. Sasa uniambie."

Nikasema nimehesabu, fomula ni sahihi.

"Fomula sijui mimi. Kuna mtu alisema daktari wa mifugo akipasua hivi anaona soya haikuiva. Nani alikaanga?"

Nilikuwa na kuku mkononi. Moyo wake ulipiga kwenye kiganja changu. Nikasema, "Soya hukaangwa na Mama Kioko."

Angalieni vile sentensi hiyo ilivyo safi. Hakuna uwongo ndani yake. Ningeweza kuiandika kwenye daftari na kupiga mstari. Mteja mmoja aliyekaa kwenye gunia akasema, "Haiya! Kumbe siku hizi anazeeka," na mwingine akasema, "Ama analewa na moshi," wakacheka. Na mimi nilikohoa, kama mtu aliyeingiwa na vumbi, nikageuka kutafuta kamba ya kushonea.

Haikuchukua wiki. Watu walianza kuuliza, "Soya si ya Mama Kioko?" na nikisema si yake ndipo wanabeba. Wachanganyaji wa Thika walimwambia wana mashine sasa, ingawa mmoja hakuwa nayo. Kwangu mimi sikumfukuza. Nilimwambia tu kwamba nitaanza kununua soya ya kiwandani, kwa sababu ya vumbi na moshi. Alinisikiliza, akakunja turubai lake, akaosha mwiko. Hakuniuliza chochote kuhusu ile siku ya mvua. Hicho ndicho kilichonitesa kuliko kitu kingine, maana alikuwa na haki ya kuuliza, nami nilikuwa nimekwisha kutayarisha jibu.

Miaka mitatu sikwenda Ngoliba. Nilijiambia nina kazi nyingi, na kweli nilikuwa nazo. Chakula changu kikawa kizuri sana, pengine kuliko cha mtu yeyote Ruiru. Nikajifunza vimeng'enya vya kununua, vile vinavyofungua madini yaliyofungiwa ndani ya pumba. Nikajifunza kuloweka omena kwenye glasi nione mchanga ukizama, kwa sababu kuna wauzaji wanaokuuzia ufuo mzima kwa bei ya samaki. Wateja wakanisifu. Kila mtu akinisifu nilimsikia Mama Kioko akitema punje.

Kifua kilipokataa, nikakosa kisingizio. Nikaenda.

Nilimkuta kwenye shamba la ndengu, amefunga leso kiunoni. Alinipa maji, akanipa kigoda, akaniuliza habari za mama yangu. Nikamwambia yote, chupa, Jumanne, Jumatano. Nilikuwa nimejiandalia maneno njiani na nikayasema kwa utaratibu wake, hata nikiwa nalia.

Akachambua ndengu. Kisha akasema, "Mimi nilijua soya ni bado. Nilikwambia."

"Ndiyo, Mama."

"Sasa umekuja kuniambia kitu najua."

"Nimekuja kuomba msamaha."

"Mwiitu, hapa Ngoliba hakuna mtu ananiita mharibifu. Hapa mimi ni Mama Kioko tu. Hukunikosea hapa." Akapeperusha makapi. "Ulinikosea kule. Nenda useme kule."

Nilidhani atanikaripia au atanisamehe, na nilikuwa tayari kwa yote mawili. Sikuwa tayari kupewa kazi.

Nimeifanya. Wachanganyaji wawili wa Thika, na wateja wote walionunua soya ile ambao niliweza kuwakumbuka. Mmoja alisema, "Aii, hiyo ni zamani, madam, achana nayo." Mwingine aliniuliza kama sasa nitamrudishia kuku. Mchanganyaji mmoja wa Thika aliendelea kushona magunia mpaka nikaondoka, na nilipofika barabarani alinipigia kuniomba namba ya Mama Kioko. Nimewaambia nyinyi pia sasa, kwa sababu mnanisikiliza, na mtu anayesikilizwa na vijana ana deni la kusema alikoharibu kabla ya kusema anakojua. Pimeni, andikeni, nunueni vipimo vyote mnavyoweza. Lakini mtu ambaye mikono yake iko kwenye kazi akikwambia "hii bado," zima moto wa kiburi kabla ya kuzima moto wa pipa.

Wa mwisho kumfikia alikuwa Baba Shiru. Nilimwacha wa mwisho kwa makusudi, nilimwogopa.

Banda lake la kuku sasa lina nyasi za ng'ombe ndani. Nilimkuta amevaa gambuti, anakata mabingobingo. Alinisalimu vizuri, akaniuliza kifua. Nikamwambia nikiwa nimesimama, kwa sababu nilijua nikikaa sitasema. Kwamba soya ilikuwa mbichi. Kwamba Mama Kioko alisema ni bado na mimi nikamlazimisha aitoe. Kwamba siku alipokuja na kuku kwapani nilikuwa nimekwisha kujua tangu jana yake.

Panga lake likasimama.

"Tangu jana yake," akasema.

"Ndiyo."

"Na uliniacha niende hivyo."

"Ndiyo, Baba Shiru."

Akatazama banda lake. Nilingoja anitukane. Nilikuwa nahitaji anitukane.

"Mimi nilimpata yule mama kwa stage ya matatu ya Ruiru, Ijumaa," akasema. "Alikuwa anaenda kwao. Watu wamejaa. Unajua nilimwambia nini?"

"Sijui."

"Hakukwambia?"

"Nimekaa naye nusu siku. Hakulitaja hata jina lako."

Akaweka panga chini kwenye nyasi, polepole, kama linaweza kuvunjika. Midomo yake ilisogea lakini hakulirudia lile neno alilomwambia, na sitalijua kamwe. Kisha akaketi kwenye ndoo iliyofunikwa, akaanza kuvuta gambuti la mguu wa kulia.

"Hapo Ngoliba," akasema bila kuniangalia, "mtu hushukia wapi?"